Jumanne, Saa Nane

Aliyewaita watu alikuwa ng'ombe. Alianza kulia Jumatano kabla jua halijatoka, na huko Machame ng'ombe akilia namna ile jirani hangoji kutumiwa ujumbe. Bibi Eunike alijifunga kanga ya pili juu ya ile ya kwanza, akakata katikati ya migomba mpaka kwa Mwalimu Yohana, akabisha mlango mpaka vidole vikamuuma. Akazunguka nyuma. Huko, kwenye mfongo, ule mfereji mwembamba wa maji unaopita juu ya kihamba, shamba la migomba la ukoo, aliuona mguu. Mguu ulikuwa bado na kiatu.

Salvina alifika saa nne pamoja na Koplo Ronald. Alikuwa Inspekta kwenye ofisi ya upelelezi mjini Moshi, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mrefu, mchache wa maneno, mzaliwa wa Mkuu, Rombo. Kazini walimwita Mama Jalada kwa sababu jalada likipita mikononi mwake halitoki na tundu. Hakuna aliyejua anakula nini jioni wala anakula na nani, na jambo hilo yeye mwenyewe alikuwa amelipanga kwa miaka sita, kwa uangalifu uleule aliotumia kuwasaka wauaji.

Mwalimu Yohana alikuwa na miaka sitini na minane, mstaafu, mjane, hakujaliwa mtoto. Alikuwa amepigwa mara moja nyuma ya kichwa. Mpini wa jembe uliofanya kazi hiyo waliukuta mbele kidogo, umekwama kwenye mizizi, maji yameuosha ukawa mweupe kama mfupa. Na hatua chache kutoka hapo, kwenye makaburi ya baba yake na mama yake, masale yalikuwa yameng'olewa. Sale ni mmea mdogo tu, majani marefu ya kijani, lakini Mchagga huupanda mpakani na kaburini, na akishaupanda, haung'oi mtu. Salvina alihesabu mashina kumi na manne yamelala chini, mizizi juu, udongo bado umeshikana nayo.

Ronald alisema huyo si mwizi. Salvina akasema hata yeye haoni mwizi.

Wakati huo wote ng'ombe alikuwa analia. Bibi Eunike, aliyekuwa ametetemeka vya kutosha na sasa anataka kazi, alichukua ndoo akaingia bandani amkamue. Hakukaa hata dakika. Ndoo ilitoka kwanza, yeye akafuata.

"Huyu mnyama ana roho ya katekista," alisema, anajipangusa samadi kwenye kanga. "Ukikosea jibu moja, teke. Mwalimu mwenyewe ilimchukua miezi mitatu."

Watu walicheka, wakakumbuka kuna maiti, wakaacha.

Ndipo Sifael akaingia. Salvina aliyaona mabega yale yakipita chini ya majani ya mgomba, akageuza uso haraka akaanza kuandika kitu kwenye daftari, kitu chochote. Mabega hayo alikuwa ameyaona jana yake, bila shati.

Sifael alikuwa mdogo wa marehemu, wa pekee, miaka arobaini na sita, mzee wa kanisa katika usharika wao wa Kilutheri. Alisimama juu ya mfongo, akavua kofia. Hakulia kwa sauti. Kisha, kama mtu ambaye mikono yake haijui pa kukaa, aliiokota ile ndoo, akaingia bandani, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe akamsemesha kwa Kichagga, taratibu. Ng'ombe akanyamaza. Maziwa yakaanza kugonga ndoo.

Bibi Eunike alimweleza Ronald kwamba ng'ombe ni wa Sifael kwa haki. Alimlea tangu ndama, akamwita Sista kwa ajili ya lile baka jeupe kichwani, linalofanana na kitambaa cha mtawa. Mke wa Mwalimu alipofariki, Sifael alimweka Sista kwa kaka yake, kwa desturi ya huku: anayetunza anakunywa maziwa na kupata mbolea ya migomba yake, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Alimweka ili kaka yake awe na sababu ya kuamka asubuhi.

Salvina alisikiliza hayo akiwa amempa banda mgongo. Mtu aliyefiwa anamkamua ng'ombe wa marehemu kwa upole namna ile. Alijaa mapenzi ambayo hakuwa na ruhusa ya kuyaonyesha hata kwa kope.

*

Mapenzi yake yalikuwa na siku. Jumanne ilikuwa ya Sifael na Jumamosi ilikuwa ya Hardeep.

Kila Jumanne Sifael alishuka mjini na pikapu yake kununua pumba na mashudu ya ng'ombe. Alipomaliza alikwenda Rau, kwenye nyumba ndogo ya kupanga ambayo Salvina alikaa jirani na msitu, na kwa kuwa Jumanne mchana Salvina huchukua mapumziko yake yote ya wiki kwa mkupuo, alimkuta. Alifika saa nane, akaondoka saa kumi awahi kukamua. Mkononi alikuwa na dumu la maziwa, na dumu hilo ndilo lililowaziba mdomo majirani. Pamela wa nyumba ya pili alimwita Baba Maziwa na siku hizi aliagiza na yeye lita mbili. Mke wa Sifael, Hellen, alikuwa muuguzi Dodoma, na alikuja nyumbani Krismasi.

Jumamosi, saa tisa, Hardeep alipofunga duka lake la vipuri vya magari nyuma ya stendi, Salvina aliingia kwa mlango wa uani. Hardeep alikuwa Singasinga wa Moshi wa kizazi cha tatu, miaka hamsini na minne, mjane, ndevu zimeingia mvi, bangili ya chuma mkononi. Alichemsha chai ya tangawizi kwenye jiko la mafuta. Alizungumza Kiswahili cha Moshi kitupu, kile cha kuvuta mwisho wa sentensi, na kumsalimu kwa Kirombo alichojifunza kwa wateja ili amchekeshe. Binti yake Riya alikuwa Uingereza na hakujua. Ndugu wa hekaluni hawakujua. Mwezi uliopita Hardeep alimpa Salvina ufunguo wa ule mlango wa uani, akasema amechoka kuwa mtu wa siri, na kwamba atangoja jibu mpaka yeye atakapokuwa tayari.

Hakuwa tayari. Mmoja alimkumbusha milima na mwingine alimkumbusha kwamba anaweza kupendwa na mtu anayetaka kumtaja jina. Hakuwa na nguvu ya kumwacha yeyote, na siku tano za katikati alikula ugali kwa mchicha kwenye meza ya mtu mmoja, akazima taa, akalala.

Jumanne hii ya mwisho Sifael alikuja na suruali iliyolowa mpaka magotini, matope yameanza kukauka juu yake. Alisema alikuwa anafungua maji kwenye mfongo. Alikuwa kimya kuliko siku zote. Salvina alimvua suruali ile akampa kanga yake ajifunge, akaichukua nje akaifua kwa sabuni ya mche, akaipiga, akaisuuza mara tatu, akaianika juani. Alifurahi kuifua. Katika miaka minne hakuwahi kufua kitu cha mwanaume huyu, na pale kwenye karai, mikono imejaa povu, alijiona kwa dakika kumi kama mke wa mtu.

*

Walimkamata Sifael Jumatano hiyohiyo jioni. Haikuhitaji akili nyingi. Kijiji kizima kilijua kwamba Mwalimu Yohana alitaka kuuza sehemu ya juu ya kihamba cha baba yao kwa mtu wa kujenga nyumba ya wageni wa kupanda mlima, na kwamba Sifael alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema kitauzwa juu ya maiti yake. Daktari alisema marehemu alifariki Jumanne mchana, na zaidi ya hapo hawezi kuapa, maji ya mfongo ni baridi na yanadanganya. Kilichobaki ni swali moja, na Ronald ndiye aliyeliuliza, Salvina akiwa amekaa pembeni na jalada mapajani.

"Jumanne mchana ulikuwa wapi, mzee wa kanisa?"

"Mjini."

"Mjini kwa nani?"

"Nilikuwa na mambo yangu."

"Hayo mambo yana jina?" Ronald alitabasamu. "Maana mimi na mke wangu, nikisema nilikuwa na mambo yangu, silali ndani."

Sifael hakucheka. Alimtazama Ronald, kisha, kwa muda wa kuvuta pumzi moja tu, alimtazama Salvina.

"Yana heshima zake," alisema. "Siwezi kuyataja."

Salvina aliinamia jalada. Herufi zilikuwa zinacheza. Mtu huyu alikuwa tayari kuingia gerezani ili jina la Salvina lisitajwe. Hardeep anataka kunitaja, aliwaza, na huyu anakubali kunyongwa asinitaje, na mimi nimekaa hapa kama ukuta.

Mkuu wao, Afande Wenseslaus, alisema Ijumaa wanampeleka mahakamani. Salvina alikwenda nyumbani akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Dumu la Jumanne lilikuwa bado pale jikoni. Alijua atakachofanya. Angekwenda kwa Wenseslaus aseme: alikuwa kwangu. Angepoteza kazi, maana amekaa kwenye mahojiano ya mtu wake bila kusema. Angempoteza Hardeep. Hellen angesikia huko Dodoma. Lakini asiye na kosa hafungwi kwa ajili ya aibu ya Salvina, na alipofikia hapo alishangaa kuona kwamba hofu ilikuwa ndogo kuliko alivyoizoea. Karibu ilikuwa raha.

Ila alikuwa Mama Jalada. Hakuwahi kupeleka ushahidi wenye tundu, na hakutaka kuanza na wake mwenyewe. Kama atasema Sifael alikuwa kwake kuanzia saa nane, basi ni lazima ajue Yohana aliuawa saa ngapi. Alhamisi asubuhi alipanda tena Machame, peke yake.

*

Jikoni kwa marehemu hakuna aliyegusa kitu. Chungu cha kiburu kilikuwa juu ya mafiga, ndizi na maharage vimeiva vizuri, vimejaa mpaka ukingoni, mwiko umelala juu. Kuni zilikuwa zimevutwa nje ya moto ili chakula kisiungue. Sahani moja, safi, kwenye kigoda.

Bibi Eunike alikuja na chai ya maziwa kwenye chupa, kwa sababu polisi au si polisi, mgeni haachwi na koo kavu. Salvina alimwamkia. Bibi akaitikia marahaba, akamwita mwanangu, akamuuliza kama ana mume. Salvina akasema hana. Bibi akasema na urefu wote huo, hasara.

Salvina alimuuliza Mwalimu alikuwa anakula saa ngapi.

"Saa saba. Taarifa ya habari ikianza, kijiko kinaingia. Miaka arobaini. Ungeweza kurekebishia saa."

Kwa hiyo alikufa kabla ya saa saba. Alitoka, akavuta kuni, akidhani anarudi kula. Salvina alisimama na kikombe mkononi. Kutoka hapa mpaka Rau ni mwendo wa saa nzima kwa pikapu, pungufu kidogo kama mtu ana haraka. Sifael alifika saa nane. Ushahidi wake wa saa nane haukumfunika mtu aliyekufa saa sita na nusu.

Alijiambia hiyo haina maana kwamba ni yeye. Kuna mnunuzi wa ardhi, kuna madalali, kuna ulimwengu mzima wa watu waliokuwa hai saa sita na nusu. Akauliza swali lingine, la kawaida, ili tu sauti yake itoke: kwa nini Bibi hakuja kumwangalia Mwalimu Jumanne jioni?

"Nije kufanya nini?" Bibi Eunike alishangaa kweli. "Ng'ombe alikuwa kimya. Saa kumi na moja nilikuwa nakata majani pale kwenye uzio. Nikasema Mwalimu yupo, amekamua. Ng'ombe asiyekamuliwa anasikika mpaka kanisani, mwanangu. Nilimsikia alfajiri ndiyo nikajua."

Salvina aliweka kikombe chini, akaelekea bandani.

Bandani ndoo ilikuwa imeoshwa na kufunikwa kwenye mti. Sista alimtazama kwa macho makubwa, akicheua. Salvina alisogea hatua moja na mguu wa nyuma ukainuka, ukagonga ubao. Hakusogea tena. Mwalimu Yohana alikuwa amelala mfongoni tangu kabla ya saa saba, na saa kumi na moja mtu aliingia hapa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu huu, akakamua mpaka tone la mwisho, ili kijiji kisisikie kitu. Au kwa sababu ng'ombe alikuwa amejaa na anaumia. Kwa mikono minne tu duniani ng'ombe huyu alisimama, na miwili ilikuwa imekufa.

Na Jumanne maji ya mfongo yalikuwa zamu ya nani? Aliuliza. Bibi akasema Jumanne ni zamu ya upande wa kanisa. Sifael hana maji mpaka Ijumaa. Hakuna mfongo aliokuwa nao wa kufungua.

Salvina aliikumbuka suruali. Alikumbuka povu, jinsi lilivyogeuka kahawia, na jinsi alivyosuuza mara tatu.

*

Alimkuta Sifael mahabusu, amekaa kwenye benchi la saruji, mikono katikati ya magoti. Alimwambia askari wa zamu awaache kidogo. Alisimama upande wake wa nondo.

"Sista alikamuliwa Jumanne jioni," alisema.

Sifael aliitazama mikono yake. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja wa kituo, ufagio wa chelewa, shwa, shwa.

"Alikuwa amejaa," alisema mwishowe. "Ungemwacha alie?"

"Kaka yako alikuwa mfongoni."

"Kaka yangu alikuwa amekufa. Ng'ombe alikuwa hai."

Baada ya hapo alieleza bila kuulizwa, kwa sauti ya chini, akitazama sakafu. Alikuwa amepita saa sita kumwachia kaka yake chumvi ya ng'ombe, kabla ya kushuka mjini. Alimkuta kwenye kaburi la mama yao anang'oa masale, ili wapima ardhi watakapokuja Jumatano wasione alama. Alimwambia aache. Yohana alisema mama yao amekufa miaka ishirini, hajui kama juu yake kuna majani au kuna choo cha wazungu, akainama akang'oa lingine. Mpini ulikuwa karibu. Alipiga mara moja, Yohana akabingirika mpaka mfongoni. Kisha aliingia majini kumwinua, akamshika hivi, kwapani, na hakuna kilichorudi.

"Nikapanda gari," alisema. "Ilikuwa Jumanne."

Salvina alirudi hatua moja kutoka kwenye nondo. Kisha Sifael akasimama, akaja karibu, na sauti yake ikabadilika ikawa ya mtu anayepanga safari.

"Sema nilikuja saa sita."

"Ulikuja saa nane."

"Nani anajua? Mimi na wewe. Majirani wako wanajua maziwa, hawajui saa. Tangu jana nimekaa humu, Salvina, sijakutaja. Wamenitukana sijakutaja. Saa mbili tu. Nakuomba saa mbili."

Na hapo ndipo kitu kilipovunjika ndani yake, wala si kwa kelele. Kilikuwa ile pumzi moja ambayo Sifael alimtazama kwenye mahojiano, ambayo yeye alikwenda nayo nyumbani kama zawadi.

"Nilidhani unanificha," alisema. "Kumbe ulikuwa unaniweka akiba."

Sifael alishika nondo. Hakukataa.

"Jumanne ulikuja kwangu, au ulikuja ili uwe umekuja?"

Sifael alifikiri. Salvina alimjua vya kutosha kuona kwamba anafikiri kweli, kwamba anatafuta jibu lililo sawa, na hilo lilimuuma zaidi kuliko uongo.

"Sikuwa na kwingine kwa kwenda," alisema.

*

Hardeep alikuwa anamhudumia dereva wa fuso aliyetaka klachi. Alimwona Salvina mlangoni, mlango wa mbele, mchana kweupe, na uso wake ukafunguka, kisha ukafunga kwa tahadhari.

"Leo Alhamisi," alisema.

Walikaa uani. Alichemsha chai kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Salvina alimweleza yote, tangu mwanzo, bila kujipunguzia, kwa lugha anayotumia kuandika ripoti kwa kuwa hakuwa na nyingine ambayo ingemfikisha mwisho. Alisema kesho au keshokutwa mji mzima utajua, na alitaka asikie kutoka kwake. Hardeep aliizungusha bangili yake ya chuma, akaizungusha tena.

"Jumanne," alisema. "Na mimi Jumamosi."

"Ndiyo."

"Na zile siku tano zilikuwa za nani?"

"Hazikuwa za mtu. Nilikuwa peke yangu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikia bei ya kitu alichokwisha kukinunua.

"Mimi nilikuwa peke yangu siku sita," alisema.

Dereva wa fuso aliita kutoka dukani, akauliza kama klachi inatengenezwa upya huko nyuma au vipi. Hardeep alisimama akaenda. Salvina alingoja mpaka chai ikashika utando. Alisikia Hardeep akieleza tofauti ya klachi ya Japani na ile nyingine, kwa uvumilivu, akarudia, akaeleza tena jambo ambalo mteja alikuwa ameshalielewa. Aliutoa ufunguo wa mlango wa uani kwenye mkoba, akauweka kwenye kisahani, akatoka.

*

Afande Wenseslaus alimsikiliza Salvina akiwa amesimama dirishani. Hakufoka. Alisema kwamba kama Salvina angenyamaza, hakimu angemwachia Sifael kabla mwezi haujaisha, maana mpini umeoshwa na maji na maneno ya kikao cha ukoo si ushahidi. Alisema pia kwamba Salvina analijua hilo. Salvina akasema analijua. Afande akamwomba kitambulisho na jalada, akavipokea kwa mikono miwili, na kwa namna fulani mikono hiyo miwili ilikuwa mibaya kuliko tusi. Kisha akamwita Ronald amwandike shahidi.

Ronald alikaa upande ambao siku zote alikaa Salvina. Alipanga karatasi, akazipanga upya. Hakumtazama usoni.

"Afande, samahani. Lazima niulize kama fomu inavyotaka."

"Uliza kama fomu inavyotaka."

Akauliza jina. Umri. Kabila. Dini. Kazi. Kwenye kazi Ronald alisimamisha kalamu, na Salvina akasema aandike ilivyokuwa mpaka leo. Hali ya ndoa. Hajaolewa. Uhusiano wake na mtuhumiwa. Ronald aliandika jibu bila kuinua kichwa, kalamu ikikwaruza.

"Jumanne alifika kwako saa ngapi?"

Angeweza. Hata sasa, saa mbili tu, na mtu mmoja angerudi kwenye migomba yake, angekamua jioni, angeshuka Jumanne na dumu. Salvina alimwona kabisa akifungua geti.

"Saa nane," alisema. "Saa nane kamili. Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo."

"Hali yake?"

"Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini. Ina matope. Alisema alikuwa anafungua maji kwenye mfongo. Haikuwa zamu yake."

"Suruali hiyo iko wapi?"

"Aliondoka nayo saa kumi."

"Ikiwa na matope?"

"Hapana."

Ronald aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Niliifua," Salvina alisema. "Andika. Niliifua kwa mikono yangu, nikaisuuza mara tatu."

Ronald aliandika. Akamgeuzia karatasi, naye akaisoma yote, akarekebisha tarehe moja aliyokosea, akatia sahihi.

Alitembea kwa miguu mpaka Rau. Jua lilikuwa bado lipo, na watoto wa shule walikuwa wanapita njiani na masweta yao ya kijani. Nyumbani alifungua dirisha, akaoga, akaingia jikoni. Lile dumu lilikuwa mezani. Alilifungua. Maziwa yalikuwa yameganda, mtindi mzuri, mzito, wa aina ambayo mtu wa mjini hupaki gari kuununua.

"Mama!" Pamela aliita kutoka ng'ambo ya ua, akianua nguo. "Baba Maziwa Jumanne anakuja? Nina wageni, anipe lita tatu."

Salvina alisimama na kifuniko mkononi.

"Haji," alisema.

"Jumanne nyingine je?"

Salvina aliweka kifuniko mezani. Alichukua kikombe kimoja kabatini, akamimina, akakaa.